Nani kaficha kiatu cha mchezaji?

WIKI tatu zilizopita umeme ulikatika nyumbani kwa kaka yangu, nikabaki sebuleni na binti yake wa darasa la sita. Mtoto huyu anapenda mno hadithi za upelelezi. Anamjua Nancy Drew, msichana mpelelezi wa Marekani ambaye vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1930, vikiandikwa na watu mbalimbali chini ya jina moja la Carolyn Keene. Taa hakuna, chaji ya simu imekwisha, tukaamua kutunga kesi yetu wenyewe.

Mahali alichagua yeye: mashindano ya dansi ya Ireland. Alikuwa ametazama video ya Riverdance, onyesho lililopata umaarufu lilipochezwa Dublin kwenye Eurovision mwaka 1994. Kama hujaliona, mikono ya wachezaji hubaki ubavuni, kifua hakitikisiki, kazi yote inafanywa na miguu. Shindano lenyewe huitwa feis. Kuna raundi za viatu laini na za viatu vigumu, ambavyo ncha na visigino vyake hugonga jukwaa kwa kishindo. Wasichana wengi huvaa mawigi ya mawimbi na magauni ya bei mbaya.

Kesi ikawa hivi: saa moja kabla ya raundi ya viatu vigumu, kiatu cha kulia cha msichana anayetegemewa kushinda kimetoweka. Mpelelezi wetu, mwenye miaka 12, anaitwa.

Nikataja washukiwa. Wa kwanza mpinzani wake, wa pili mwalimu wa kikundi kingine, wa tatu jaji. Nikamweleza kuwa hilo la jaji halikutoka hewani. Mwaka 2022 chama kinachosimamia sehemu kubwa ya mashindano haya, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, kilikumbwa na tuhuma kwamba baadhi ya walimu na majaji walikuwa wakipanga matokeo, hadi akatafutwa jaji mstaafu wa mahakama kusimamia uchunguzi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Shangazi, hapo hakuna mwizi. Kakificha mwenyewe."

"Afiche kiatu chake ili iweje?"

"Mguu unamuuma. Anaogopa kusema, maana gauni limeshanunuliwa."

Nikamuuliza amejuaje. Kimya. Kisha akashusha soksi, akachukua kidole changu akakiweka juu ya muundi wake. Nilipobonyeza kidogo tu, aliruka.

Binti yetu anacheza mpira wa pete na alikuwa akijiandaa kwa UMITASHUMTA. Baba yake alikuwa amemnunulia raba mpya. Kwa wiki kadhaa alikuwa akifanya mazoezi kila jioni na maumivu yake, halafu anaingia ndani akisema amechoka tu. Mimi ninaandika habari za afya kila wiki, na sikuwa nimeona chochote.

Hospitalini eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akatueleza kuwa ufa mdogo unaotokana na kurukaruka bila mapumziko mara nyingi hauonekani kwenye picha za mwanzo, akamsimamisha mazoezi. Mashindano ya mwaka huu yamempita. Alilia sana. Baba yake hakumgombeza. Alimwambia raba zitamsubiri.

Mzazi, iwe mwanao anacheza dansi, mpira au anakimbia, angalia haya:

Maumivu yaliyo sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na yanayozidi akiruka au kukimbia.

Kuchechemea, hata kama anakataa kuwa anachechemea.

Maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe au homa. Hapo usisubiri kesho.

Kwa binti aliyekwisha kuvunja ungo, hedhi inayokatika wakati wa mazoezi makali, hasa kama anakula kidogo. Mifupa yake inaweza kuwa inadhoofika.

Ukiona dalili hizi, mpumzishe na umpeleke kituo cha afya. Usimchue kwa nguvu mahali panapouma, wala usimpe dawa ya kutuliza maumivu ili amalizie mechi. Dawa itanyamazisha maumivu, ufa utaendelea kupanuka.

Nancy Drew husifiwa kwa kuona vitu vidogo ambavyo wakubwa wamevipita. Nyumbani kwetu ingefaa kazi hiyo tuifanye sisi wakubwa. Lakini ukimuuliza mtoto uso kwa uso, "Unaumwa?", jibu ni lile lile: "Hapana." Mwachie hadithi. Muulize kwa nini msichana fulani angeficha kiatu chake, halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kukujibu habari zake mwenyewe.