Nani Alimpinga Rais Jimboni Mwake?

Nilipokuwa Elwak, mpakani na Somalia, mzee mmoja aliyeleta ngamia wake kunywa maji visimani aliniuliza: "Maalim, Mzee Kenyatta alipokuwa mbunge wa Gatundu, nani alishindana naye?"

Nilikuna kichwa. Mwaka 1969 alipita bila kupingwa. Mwaka 1974, vilevile.

Ndugu msomaji, mtindo wa mkuu wa serikali kuwa na jimbo lake tuliupokea kwa Waingereza. Lakini kwao, mwaka 1987, Margaret Thatcher akiwa Waziri Mkuu alisimama Finchley, London, akapingwa na vyama vingine, na juu yao mtu aliyejiita Lord Buckethead, amejivika ndoo kichwani! Mzaha, naam, ila bibi yule ilimlazimu aombe kura kama wenziwe.

Sisi tulitwaa ala, tukaacha upanga. Mzee Moi naye, katika Baringo ya Kati, hakupata mpinzani mwaka 1979, 1983 wala 1988. Na hadi Desemba 1992 hakuna Mkenya aliyewahi kutia karatasi sandukuni kumchagua rais moja kwa moja. Basi hata hao wa Gatundu na Baringo, tuliokuwa tukiwaonea kijicho, kura hiyo hawakuipiga.

Lakini wao angaa walikuwa na mtu wao. Elwak ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Askari akikuvunjia mlango usiku, ungemnyima nani kura?

Katiba ya 2010 ilimtoa rais bungeni. Leo hana jimbo, na hupaswa kupata robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kwa hesabu hiyo kura ya Mandera ina uzito, nasi wa Pwani kadhalika. Mimi naliona jambo jema, ingawa marafiki zangu kadha wa Mombasa hawakubali.

Mwaka 2020 mswada wa BBI ulitaka kuturudishia Waziri Mkuu atokaye miongoni mwa wabunge. Mahakama ziliuzuia, lakini wazo hilo halijafa. Likirudi, sitauliza atatoka kabila gani wala jimbo gani. Nitauliza swali la yule mzee wa visimani.