MWENYE KUKALIA PIKIPIKI NDIYE AIJUAYE BARABARA



Wapo watakaotuuliza: mbio za pikipiki za Ulaya zimeingiaje katika gazeti la chama cha wafanyakazi? Zinamhusu nini mtu anayekata misaji Equatoria, anayechuma chai, au anayejaza chupa kiwandani hapa Juba? Jibu letu ni fupi. Wale wanaume wanaoonekana katika picha wamevaa ngozi na kofia za chuma nao walikuwa watu wa kazi. Walikuwa na mabwana zao, walikuwa na malipo ya kupunjwa, na walikuwa wakifa kazini. Siku walipokataa, walikataa kwa njia ambayo sisi sote tungefaa kuijua.

FEDHA ZILIKUWA ZA NANI

Mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki barabarani yalianza mwaka 1949, chini ya chama cha kimataifa kiitwacho FIM. Kila msimu waendeshaji huhama nchi hadi nchi, na pointi za kila mbio hujumlishwa mpaka apatikane bingwa wa mwaka. Katika miaka ile waendeshaji wachache tu waliajiriwa na viwanda vya pikipiki. Wengine wote walijitegemea. Mtu alinunua pikipiki yake, akaitengeneza kwa mikono yake, akalala ndani ya gari lake njiani. Kwa kuwa zawadi za ushindi ziliwafikia watu wachache, hao wengine waliishi kwa fedha za kuanza mbio, yaani malipo madogo ambayo waandaaji humpa mwendeshaji kwa kufika na kushindana. Watazamaji walilipa kiingilio kwa maelfu. Kiingilio kilikwenda kwa waandaaji, na waliohatarisha shingo zao wakapewa makombo.

Tarehe 16 Julai 1955, huko Assen, Uholanzi, makombo hayo yalikataliwa. Katika mbio za pikipiki za 350, waendeshaji wa kujitegemea wapatao kumi na wawili walizunguka mara moja tu, kisha wakatoka barabarani na kuacha mbio. Walitaka fedha za kuanza ziongezwe. Lakini jambo kubwa lilifuata. Geoff Duke wa Uingereza, bingwa wa dunia, na mwenzake Reg Armstrong, wote wawili wa kiwanda cha Gilera, walisema kwamba wasipopewa hao wadogo haki yao, wao pia hawatashindana katika mbio kubwa za 500. Waandaaji wakatazama umati uliokuwa ukingoja, wakakubali kulipa.

Duke hakuwa na shida ya fedha za kuanza. Alikuwa na mshahara wa kiwanda. Angeweza kunyamaza, akachukua kikombe chake na kwenda nyumbani. Mwisho wa mwaka FIM iliwafungia yeye, Armstrong na wenzao kwa miezi sita tangu Januari 1956. Duke akakosa mwanzo wa msimu, na ubingwa wa 1956 akauchukua mtu mwingine. Hakuwa bingwa wa dunia tena. Hiyo ndiyo gharama aliyolipa kwa kusimama na watu wa chini.

Na sisi tuna Julai yetu ya mwaka huohuo. Siku kumi baada ya Assen, tarehe 26 Julai 1955, huko Nzara, mahali pa mashamba ya pamba na kiwanda cha nguo, wafanyakazi waliandamana baada ya wenzao wapatao 300 kufukuzwa kazi. Walijibiwa kwa risasi, na watu wakafa. Hatulinganishi misiba hiyo miwili. Wa Assen walipoteza miezi sita, na wa Nzara walipoteza roho. Tunaitaja kwa sababu inatukumbusha kwamba mfanyakazi wa hapa hahitaji kufundishwa ujasiri na Mzungu. Anachohitaji ni mwenye nguvu wa kusimama ubavuni pake mapema, kabla mambo hayajafika kwenye risasi.

KUKATAA KUFA

Baada ya fedha, likaja suala la uhai. Juni 1972 Mwitalia Gilberto Parlotti alikufa katika mbio za Kisiwa cha Man, ambako njia ya mbio ni barabara za kawaida zenye urefu wa kilomita 60 hivi, zilizopita katikati ya kuta za mawe na nguzo. Rafiki yake, bingwa Giacomo Agostini, akasema hatarudi huko kushindana. Mei 1973, huko Monza, Italia, Jarno Saarinen na Renzo Pasolini walikufa pamoja katika mbio moja. Mwaka 1974 waendeshaji wakubwa waligomea mbio za Ujerumani Magharibi, Nürburgring, kwa sababu hapakuwekwa marobota ya nyasi kavu ya kutosha ya kuwakinga wanaoanguka. Baada ya mwaka 1976 Kisiwa cha Man kikaondolewa kabisa katika mashindano ya dunia.

Ndipo ukaja msimu wa 1979. Mmarekani Kenny Roberts, bingwa wa 1978, aliuanza msimu akiwa ametoka kuvunjika mgongo katika majaribio huko Japani. Huko Jarama, Hispania, alishinda mbio, kisha akakataa kupokea kikombe kwa sababu waandaaji walikuwa wamemnyima fedha za kuanza. Julai wakafika Spa, Ubelgiji. Lami mpya ilikuwa imemwagwa siku chache tu kabla, na ilikuwa ikitoa mafuta na kuteleza. Roberts na wenzake wakubwa waliijaribu barabara, wakasema hapana, wakaondoka. Mbio zikafanyika bila wao, na wakuu wa FIM wakamweka Roberts chini ya uangalizi kama mtoto mtukutu.

Hawakuishia hapo. Kabla ya mwaka kwisha walitangaza kwamba wataanzisha mashindano yao wenyewe. Mashindano hayo hayakusimama, maana viwanja vya kutosha havikupatikana. Hata hivyo, tishio lilitosha. Katika mkutano wake wa mwaka huo FIM iliongeza sana fedha za zawadi, na miaka iliyofuata masharti ya usalama yakakazwa.

Atatokea mtu aseme: hao walikuwa matajiri, na anayeogopa kuanguka asipande pikipiki. Maneno hayo tunayajua. Ndiyo hayohayo anayoyasema nyapara: kama unaogopa msumeno, nenda nyumbani, watu wa kuchukua nafasi yako wamejaa getini. Tunamjibu hivi: mwendeshaji hakukataa kazi, alikataa lami mbovu. Mwenye kukalia pikipiki ndiye aijuaye barabara. Hali kadhalika, mwenye kushika msumeno ndiye anayejua kwamba kinga yake imetolewa, na mwenye kunyunyiza dawa shambani ndiye anayejua kwamba hana glovu.

HAPA JUBA

Tuwatazame sasa vijana wetu wa bodaboda. Hao hawana kikombe wala watazamaji wa kulipa kiingilio, lakini kila asubuhi wanashindana na malori, mashimo na vumbi ili mfanyakazi afike kiwandani kwa wakati. Wengi wao wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni ni lazima hesabu ya tajiri itimie, mvua inyeshe isinyeshe. Akianguka, hospitali ni juu yake.

Agosti 2013 wakuu waliwakataza wageni kuendesha bodaboda hapa mjini, na Waganda wengi wakapoteza riziki. Baadhi yetu walishangilia. Sisi tunasema furaha ile ilikuwa ya kupotea. Aliyeondoka alikuwa mvuja jasho, na aliyemrithi alirithi barabara ileile na hesabu ileile ya jioni. Wale wa Spa walikuwa wa mataifa mengi, na wangeanza kuulizana nani ametoka wapi, waandaaji wangekula peke yao mpaka leo.

Haki ya kuikataa hatari si ndoto. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2012. Lakini karatasi haisimami yenyewe mbele ya meneja.

Kwa hiyo basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, fundi, dereva na karani wenye kazi za kudumu wasimame na vibarua kama Duke alivyosimama na wale wasio na kiwanda, maana meneja anaweza kumfukuza kibarua asubuhi, lakini mashine bila fundi haiendi. Pili, mtu asikatae hatari peke yake. Mwite mwakilishi wa chama, mkatae kundi zima. Tatu, milango ya chama ifunguliwe kwa watu wa bodaboda, wenyeji na wageni, kabla ya msimu wa mvua kuja kuwahesabu tena.

Umoja ni nguvu.