Mzee Apimwe Nguvu Kabla ya Kusafiri

Katika barua ya rufaa ya mgonjwa wa saratani, umri huandikwa juu kabisa: miaka 74. Daktari anayeipokea katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, hawezi kujua kwa namba hiyo kama mwenye barua bado anapalilia migomba yake kule Nkwenda, au hainuki kitini bila kushikwa mkono. Wote wawili wana miaka 74, lakini tiba ya mionzi haitawachukua kwa namna moja. Maoni yangu ni kwamba tofauti hiyo ipimwe na kuandikwa hukuhuku Karagwe na Kyerwa, kabla mzee hajaondoka nyumbani.

Hali ya huyo wa pili huitwa udhaifu wa uzeeni. Si ugonjwa mmoja, wala si wingi wa miaka. Ni kupungua kwa akiba ya mwili, yaani misuli, lishe, kumbukumbu, nguvu za moyo na figo, hata kuharisha kwa siku mbili kukatosha kumlaza mtu kitandani. Mionzi haiumi inapopigwa, lakini huidai akiba hiyo. Ikielekezwa kwenye nyonga huweza kuleta kuharisha. Ikielekezwa kwenye umio, kumeza huweza kuwa kugumu zaidi kwa muda. Uchovu huwapata wengi.

Tena mionzi hudai muda. Saratani ya mlango wa kizazi inayotibiwa kwa nia ya kuponya huhitaji takribani vipindi 25 vya mionzi ya nje, siku tano kwa wiki, pamoja na mionzi ya ndani, na yote hupaswa kukamilika katika wiki nane hivi. Mgonjwa akikatiza, seli za saratani zilizosalia huendelea kuzaana, na tumaini la kupona hupungua. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko; halikuondoa wiki za kuishi ugenini, kodi ya chumba, wala chakula cha msindikizaji aliyeacha shamba lake. Mzee dhaifu aliyepelekwa bila maandalizi yumo hatarini kurejea katikati ya tiba: mbuzi wameuzwa, madhara ameyapata, uponyaji ameukosa.

Kupima udhaifu hakuhitaji mtambo. Kunahitaji kiti, saa, mizani na futi ya kupimia, vitu visivyokosekana hata katika zahanati. Mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Akizidi sekunde 14 hivi, achunguzwe zaidi. Aulizwe kama amepungua uzito katika miezi mitatu iliyopita, kama anakula vizuri, anaoga na kuvaa mwenyewe, ameanguka mwaka huu, anatumia dawa gani, na nani ataishi naye Mwanza. Dodoso liitwalo G8 lina maswali manane na jumla ya alama 17. Anayepata 14 au chini ya hapo anahitaji tathmini kamili. Dakika kumi zinatosha.

Wapo watakaohofu kwamba kipimo hiki kitageuzwa kisingizio cha kuwanyima wazee tiba. Hofu hiyo ni ya haki, lakini tukumbuke kwamba mzee huweza kunyimwa hata pasipo kipimo, pale anapoambiwa kuwa umri umekwenda, basi atulie nyumbani. Kipimo humtetea mzee mwenye nguvu ili apate tiba kamili. Kwa aliye dhaifu, alama ndogo iwe mwanzo wa maswali: je, upungufu wa damu, lishe duni au shinikizo la damu vinaweza kurekebishwa kwanza? Je, ipo ratiba fupi zaidi? Kwa maumivu ya saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, kipindi kimoja cha mionzi hutuliza sawa na vipindi vingi, ingawa baadhi huhitaji kurudia. Kwa mzee wa Murongo, habari hiyo huweza kuigeuza safari ya wiki kadhaa kuwa ya siku chache.

Ushahidi upo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani iliyoenea. Madaktari walipopewa matokeo ya tathmini ya uzee, waliopata madhara makali walikuwa asilimia 51, badala ya 71, na muda wa kuishi haukupungua kwa kiwango cha maana. Utafiti huo ulihusu dawa, si mionzi, na ushahidi wa mionzi bado ni mchache. Lakini kanuni ya kumjua mgonjwa kabla ya kumpangia tiba ni ileile.

Kwa hiyo hospitali za Nyakahanga na Isingiro, pamoja na vituo vya afya na zahanati zote za wilaya hizi mbili, ziongeze nusu ukurasa katika barua ya rufaa: mwendo, uzito, chakula, dawa, kumbukumbu, msindikizaji. Daktari apige simu Mwanza kabla basi halijakatiwa tiketi. Nanyi wazee wetu, msione haya kusema kwamba mlianguka bafuni au kwamba chakula hakipiti. Kulisema hilo si kujinyima tiba. Ni kumpa daktari njia ya kuwapangia tiba mtakayoweza kuimaliza.