MWANAFUNZI AFANYAYE KAZI NI MFANYA KAZI



Tumeulizwa: watu wa reli wana habari gani na wanafunzi wa uinjinia wanaopelekwa huko Modogashe? Twajibu: tunayo habari kubwa.

Nchi ya Kaskazini Mashariki imepata kazi mpya. Mwaka 2019 Garissa palifunguliwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50. Mwaka 2017 Serikali na Benki ya Dunia walianzisha mpango wa umeme wa jua kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Garissa, Wajir na Isiolo zimo. Pampu za visima nazo zaacha dizeli na kushika jua. Mambo hayo ni mema, na sisi twayapenda.

Lakini mitambo hutaka mikono, na matajiri wameona mikono ya bure: mwanafunzi wa chuo asiyeweza kumaliza masomo mpaka afanye kazi miezi kadhaa mahali fulani.

Aliyepata nafasi karibu na kwao hurudi jioni akala. Aliyepelekwa Modogashe, kwenye njia panda ya Isiolo, Wajir na Garissa, hana kwao pale. Nauli, chakula, maji na kitanda ni juu ya mzazi wake. Mchana apanda juu kufunga paneli, avuta nyaya, ainua betri. Huko kwaitwa kujifunza. Je, fundi wa kumfundisha yuko wapi? Yuko mjini, asikika kwa simu tu. Basi huyo si mwanafunzi tena. Ni fundi asiye na mshahara, na kwa ajili yake fundi mwenye mshahara hakuandikwa.

Wapo wasemao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vema. Lakini mgeni wa methali amekwisha kula siku mbili katika nyumba ya mwenyeji. Huyu wetu apewa jembe siku ya kwanza, na chakula ajiletee.

Wengine wasema sheria haimjui. Wasome vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inapoeleza mfanya kazi ni nani, yamtaja na mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, yamtaja vile vile. Ndiyo maana tajiri mwerevu hamwandikii mkataba: siku kijana akianguka juu ya paa, aweze kusema, "Huyo simjui."

Hapo hapo Modogashe, mwaka 2001, wazee wa wafugaji walikaa wakapatana juu ya malisho na fidia: mtu asiingize mifugo katika nchi ya wenzake bila kuomba ruhusa. Ikiwa ngamia ana mapatano yake, mbona mtoto wa mtu hana hata karatasi?

Tena mitambo hii yasifiwa kwamba ni ya kudumu. Itadumu vipi? Mwanafunzi aondoka na ujuzi wake, pampu yafa, na mama arudi kuchota maji mbali. Kijana wa Modogashe, ambaye angekaa na pampu hiyo miaka, hakufundishwa.

Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na malipo ya wanagenzi wao yalikuwa katika ugomvi huo. Hawakuwaacha wadogo wao. Sisi nasi twakumbuka siku za ukoloni, wazee wetu walipofanya kazi ya fundi kwa mshahara wa mshika spana. Reli ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo imeandikwa katika mipango, haijajengwa. Siku itakapojengwa, desturi itakayokutwa pale ndiyo tutakayovishwa sisi.

Kwa hiyo twadai:

1. Mkataba wa maandishi kabla ya safari.
2. Nauli, posho, maji na malazi juu ya tajiri.
3. Bima, na fundi mwenye cheti akaaye pale pale kituoni.
4. Kila kituo kiandike vijana wa mahali kwa kazi ya kudumu.

Ndugu, mwenye mtoto au jirani aliyepelekwa hivyo alete habari kwa katibu wa tawi lake. Jua ni la bure. Kijana si wa bure.

UMOJA NI NGUVU.