Si kila taa ya 'UV' inamfaa kobe

Katika duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo nilimkuta mama mmoja akibishana na muuzaji. Mama huyo ana bustani ndogo ya wanyama yenye kibali, ambako watalii na wanafunzi hulipa kiingilio kutazama kobe na vinyonga. Alikuwa amerudisha taa ya mrija aliyoinunua wiki moja kabla. Baada ya siku mbili tu kobe wanne walikuwa wamefumba macho na kukataa chakula, na kijana anayewahudumia aliamka usiku akilalamika kuwa macho yake yamejaa mchanga.

"Mama yangu, uliomba taa ya UV, na boksi limeandikwa UV," muuzaji alijitetea.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo lilipo tatizo. Herufi hizo mbili maana yake ni mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho yetu. Lakini mionzi hiyo ina makundi matatu, A, B na C, na kazi zake hazifanani hata kidogo. Taa ya kukagulia noti bandia kwa wakala wa fedha ni UV ya kundi A. Taa ya kunasia nzi kwenye bucha ni hiyo hiyo. Ile ya kuulia vijidudu hospitalini na kwenye mitambo ya kusafisha maji ni ya kundi C, ambayo jua halituletei kabisa kwa kuwa huzuiwa juu angani. Ndiyo aliyouziwa mama yule. Taa za aina hiyo ziliingia sokoni kwa wingi mwaka 2020 wakati wa korona, kila mtu alipotaka kuua virusi chumbani. Hiyo huunguza jicho na ngozi, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau alikuwa karibu na taa.

Anachohitaji kobe ni kundi B. Mionzi hiyo ikigusa ngozi yake, pamoja na joto, mwili hutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo madini ya kalisi anayokula hayafiki kwenye mifupa. Wafugaji wa kuku wanaifahamu hali hii, kwani kifaranga anayefungiwa ndani na kulishwa chakula kibovu hupata matege. Kwa kobe gamba hulainika na kupinda, kwa kinyonga taya hulegea kama mpira na miguu hushindwa kushika tawi. Mfupa ukishapinda haunyooki tena. (Kuku wa ndani hupewa vitamini hiyo kwenye chakula kilichochanganywa vizuri, kwa hiyo mkulima asikubali kuuziwa taa ya kobe kwa ajili ya banda la kuku. Nimeshaulizwa.)

Kabla ya kuzungumzia taa ipi, nauliza kama mchumi: taa ya nini? Sisi tuko karibu na ikweta. Taasisi za hali ya hewa hupima ukali wa mionzi ya jua kwa fahirisi inayoanzia sifuri, na saa sita mchana kukiwa hakuna mawingu hapa kwetu hupita 11. Taa hizi zilibuniwa kwa ajili ya mfugaji wa London, ambaye wakati wa baridi jua lake halina UV ya maana. Kumwiga mfugaji huyo ni kununua dukani kitu ambacho kwetu kinamwagika bure uani. Boma la wavu lenye nyasi, maji, na kivuli kwenye nusu ya eneo humtosha kobe, naye mwenyewe ataingia na kutoka juani kwa kadiri anavyohitaji. Gharama yake ni wavu, mbao na fundi wa siku mbili. Mzibie kunguru na kenge juu na pembeni, na usimweke kamwe juani ndani ya sanduku la kioo. Humo joto litamuua kabla hujamaliza chai, na UV ya kundi B haipiti kwenye kioo cha kawaida.

Inabaki hesabu ya wachache: mwenye chumba cha maonyesho kisicho na uwanja, anayetotolesha mayai ndani, au anayeuguza mnyama. Hao wanahitaji taa, nao wajue kuwa gharama ya taa haiishii siku ya kuinunua. Mrija mwembamba wa wati 24, aina ya T5, ukiwaka saa 12 kwa siku hula uniti 105 hivi kwa mwaka. Huo si mzigo, maana balbu moja ya joto ya wati 250 bandani hula uniti 6 kwa siku ikiwaka mchana na usiku. Mzigo upo kwenye kubadilisha. UV hupungua mapema huku mwanga unaoonekana ukiendelea vilevile, hivyo mrija unaowaka vizuri machoni mwako unaweza kuwa haumsaidii mnyama tena. Mirija mizuri hubadilishwa baada ya miezi 12 hivi. Asiyeweka fedha ya mrija wa pili siku anayonunua wa kwanza, asianze.

Balbu ndogo za kujipinda naziogopa kuliko mirija. Mwaka 2007 huko Uingereza daktari wa mifugo Frances Baines alizipima baadhi baada ya wafugaji kulalamika kuwa wanyama wao wanavimba macho, akakuta zinatoa mionzi mifupi isiyopatikana kwenye jua. Watengenezaji wengi walirekebisha bidhaa zao baadaye, lakini nani anajua boksi lisilo na jina la kiwanda limetoka wapi?

Hata taa nzuri hudhuru ikifungwa vibaya. Ifungwe juu, kamwe isiwe ubavuni, kwa sababu jicho la mnyama limekingwa na nyusi dhidi ya jua la utosini tu. Iwe mahali pamoja na balbu ya joto, na pawepo kona ya kujificha. Kwa mnyama anayeota jua kama kobe, wataalamu hulenga fahirisi ya 3 hadi 7 pale mgongo wake unapofika; kwa wanaoishi kivulini, 1 au pungufu huwatosha wengi. Kipimo chake huuzwa ng'ambo kwa zaidi ya dola 200, kwa hiyo wenye bustani za mji mmoja wachange wanunue kimoja.

Sizungumzi na wanaookota kobe porini na kuwaficha uani. Hilo ni kosa, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Asidanganywe mtu pia na ndoto ya kuuza nje, kwa kuwa Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na tangazo la mwaka 2022 la kulegeza zuio hilo lilisitishwa upesi.

Kwa wafanyabiashara, ombi langu ni dogo. Mteja akitaka taa ya UV, muulize ni ya kazi gani. Kwenye boksi tafuta neno UVB, jina la kiwanda, na umbali wa kuifunga. Ukiona namba 254 na alama nm, hiyo ni ya kuulia vijidudu, usiiuze kwa kiumbe chenye macho.

Muuzaji wa Kariakoo alimrudishia mama fedha zake, kwa shingo upande. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwenye maboksi tisa yaliyobaki: YA MAJI TU.