Chungu cha Kantini Nacho Kina Hesabu Yake



Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo twalijua sana sokoni, lakini katika jiko la kantini twalisahau. Hapa Rumonge na pwani yetu yote ya Tanganyika, kila mahali chakula cha kazini kinapokatwa katika mshahara, swali ni moja: sahani moja yagharimu faranga ngapi? Mara nyingi jibu ni la kukisia. Twaambiwa vitu vimepanda, na makato nayo yanapanda.

Siku hizi ziko programu za kompyuta za kuhesabu gharama ya chakula. Mahoteli huzitumia. Sisi twaona ni chombo chema, wala mfanyakazi asikiogope. Lakini kompyuta kazi yake ni kuzidisha na kugawanya tu, haipimi maharage. Ukiipa uongo, itakurudishia uongo ulioandikwa vizuri. Basi tuanze na mizani na daftari.

Kwanza, kila chakula kiwe na karatasi yake: sahani moja yapata maharage makavu gramu ngapi, unga wa muhogo gramu ngapi, mawese kiasi gani. Mpishi asipime kwa jicho.

Pili, kipimo cha kununua kigeuzwe kuwa kipimo cha kupikia. Mawese twanunua kwa bidoni, mpishi anatia kwa upawa. Tuseme sahani yapata mililita 20, na wanaokula ni watu 100. Kwa siku ni lita 2, na bidoni la lita 20 litatosha siku 10. Likiisha siku ya 7, yafaa tuulize: waliokula wameongezeka, upawa umekuwa mkubwa, au mafuta yametokea mlango wa nyuma?

Tatu, tuhesabu kinachoingia chunguni, siyo kilichonunuliwa tu. Ukinunua mukeke kilo 10, ukatoa matumbo na vichwa zikabaki kilo 7, bei yote uligawanye kwa 7.

Nne, bei iandikwe kila siku ya kununua. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka sana mavuno hupungua na bei hupanda. Mwaka 2024 jirani zetu wa Tanzania walisimamisha uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Bei ya mwezi uliopita haifai kwa mwezi huu.

Hayo yakiwa tayari, ndipo yaingizwe katika kompyuta. Hakuna haja ya kuanza na programu ya bei kubwa. LibreOffice Calc hupatikana bure, na ikishawekwa katika mashine hufanya kazi bila intaneti. Bei moja ikibadilika, gharama ya kila sahani hubadilika papo hapo.

Faida yetu ni nini? Turudi kwenye lile bidoni. Linatoa sahani 1,000. Likipanda bei kwa faranga 10,000, kila sahani imeongezeka faranga 10 tu. Mwajiri akitaka kuongeza makato faranga 100 kwa sababu ya mafuta, mjumbe wetu anayo hesabu ya kumjibu, bila kelele wala matusi. Na kama kweli gharama imezidi, tutaiona sisi wenyewe, na mpishi hatasingiziwa wizi.

Mapatano Na. 95 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1949, yasema mfanyakazi ajulishwe masharti na kiasi cha makato ya mshahara wake. Sisi twadai hivi: karatasi ya gharama ibandikwe mlangoni mwa kantini, na mjumbe wa wafanyakazi akague daftari kila mwezi.

Ndugu, kila tawi lichague mtu mmoja ajuaye hesabu, akakae na mpishi wiki moja na mizani yake. Anayekula kwa jasho lake ana haki ya kujua bei ya tonge lake.