Kusaga si kuchanganya tu
Mwandishi wa makala, hapo uliposema kazi ya kinu ni kuchanganya unga tu, hapana. Nimetengeneza bariamu titaneti maabara, ile ya kwenye kapasita za simu, kwa kabonati ya bariamu na oksidi ya titani. Ndani ya tanuri unga hauyeyuki; bariamu hupenya chembe za oksidi ya titani zikiwa bado yabisi, polepole mno. Chembe zikiwa kubwa kiini hakifikiwi, unabaki na Ba2TiO4, zao la njiani, hata ukichoma kwa nyuzi 1100. Kusaga sana kunafupisha njia na kuvuruga mpangilio wa fuwele, ndiyo maana joto linalohitajika hushuka. Na ndugu uliyeuliza utajuaje kama mmenyuko umekamilika: anza na mizani. Unga mkavu ukishatoa kaboni dioksidi yote hupungua uzito karibu asilimia 16. Haujafika hapo? Saga tena, choma tena. Ukifika, bado upime kwa eksirei, kwa sababu Ba2TiO4 mizani haiioni. Halafu jamani, gololi za chuma za kusagia kinuni hapana, huchubuka na kuchafua unga. Tumieni za zirkonia. Na vaeni barakoa, kabonati ya bariamu ni sumu.